Niliambiwa damu yangu haitoshi, je, mimi ni mgonjwa?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari jijini Dar es Salaam. Nina umri wa miaka 31, nimeolewa na nina watoto wawili, mdogo wao akikaribia kutimiza miaka miwili. Nilianza kuchangia damu nikiwa kidato cha sita mkoani Mbeya, ambako ndiko nyumbani kwetu, na tangu hapo nimekuwa nikichangia kila nilipopata nafasi, isipokuwa vipindi vya ujauzito na kunyonyesha. Sijawahi kukataliwa hata mara moja.

Mwezi uliopita timu ya ukusanyaji damu ilifika shuleni kwetu. Walimu na wanafunzi waliokwisha kutimiza miaka 18 tukapanga foleni. Nilijibu maswali ya fomu, nikapimwa uzito nikawa na kilo 58, nikapimwa presha ikawa nzuri. Nilipochomwa kidole, kimashine kikaonyesha 11.6. Muuguzi akasema kwa sauti iliyosikika hadi nyuma ya foleni, "Damu yako haitoshi, inatakiwa ifike 12.5. Mwingine aje." Hakunieleza zaidi. Niliondoka nikiwa nimeona haya, na tangu siku hiyo nimesikia minong'ono katika ofisi ya walimu kwamba anayekataliwa kuchangia damu huwa "ameonekana na kitu". Daktari, unaelewa wanamaanisha nini.

Jambo jingine linanitatiza. Zamani huko Mbeya hatukupimwa kwa mashine. Tone la damu lilidondoshwa kwenye maji ya bluu, na langu lilizama kila mara. Je, kipimo kipi ni cha kweli? Na mume wangu, ambaye chakula chake ni chipsi na soda, siku chache baadaye alipimwa akaonekana na 14.9, akachangia na kurudi nyumbani akinitania. Inawezekanaje, ilhali mimi ndiye ninayekula mboga za majani kila siku?

Sijisikii mgonjwa. Ninachoka, lakini mwenye watoto wawili na vipindi vya kufundisha kutwa nzima nani asiyechoka? Ninakula vizuri, ingawa nikiri kwamba siku hizi nimekuwa mtafunaji wa mchele mbichi, na chai ya rangi siiachi asubuhi, mchana na jioni. Hedhi yangu ilirudi vizuri baada ya kuwekewa kitanzi, sasa inakwenda siku saba au nane.

Mama mkwe amenishauri ninywe juisi ya rosela na juisi ya kiazi chekundu kwa wiki mbili mfululizo, kisha nirudi nikapimwe upya kabla ya tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ili wenzangu waone kwamba sina tatizo. Unanishauri nini?

Mwalimu, Temeke

JIBU

Marahaba, Mwalimu.

Nianze na minong'ono, kwa kuwa ndiyo inayokuumiza zaidi na ndiyo yenye jibu jepesi. Pale mezani ulipochomwa kidole hakuna aliyepima virusi vya UKIMWI, wala homa ya ini, wala kaswende. Vipimo hivyo hufanywa maabara, kwa sampuli ya damu iliyokwisha kuchangwa, na majibu yake hurudishwa kwa mchangiaji peke yake kwa faragha. Wewe hukuchangia, kwa hiyo hakuna damu yako iliyokwenda kupimwa maambukizi yoyote. Kilichopimwa ni wingi wa damu tu, yaani kiasi cha hemoglobini, na ukitaka kuwanyamazisha wenzako waeleze hivyo hivyo. Kwa mantiki yao, anayepaswa kunong'onwa ni yule aliyechangia, maana yeye ndiye damu yake imepelekwa kupimwa virusi!

Muuguzi naye hakutenda vyema. Uamuzi wake wa kukuzuia ulikuwa sahihi, lakini namba ya mtu ni siri yake, na mtu anayerudishwa anastahili dakika chache kando, aambiwe namba hiyo ina maana gani na aende wapi. Ninaelewa kwamba foleni huwa ndefu na watumishi huwa wachache. Hata hivyo, huduma inayomwita mchangiaji "shujaa" anapofaulu haina budi kumkumbuka pia asipofaulu, hasa kwa kuwa wengi wanaorudishwa kwa sababu hii ni wanawake wa umri wako, na wakiondoka na aibu hawarudi tena.

Sasa tuiangalie namba yenyewe. Hemoglobini ni protini iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu, na kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuifikisha mwilini kote. Kila molekuli yake imebeba atomi nne za chuma, na bila chuma haiwezi kutengenezwa. Namba 11.6 maana yake ni gramu 11.6 za hemoglobini katika kila desilita moja ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani huhesabu kwamba ana upungufu wa damu pale anapokuwa chini ya gramu 12, na kwa mwanamume chini ya gramu 13. Mstari wa 12.5 uliotajiwa ni mwingine kabisa. Huo ni mstari wa usalama wa mchangiaji, unaotumiwa na huduma nyingi za damu, na umewekwa juu kidogo kwa sababu chupa moja ya mililita 450 hushusha hemoglobini ya mtu mzima kwa takriban gramu moja. Mwanamke mwenye 12.2 angerudishwa pia, ingawa hana ugonjwa wowote. Anazuiwa ili asitoke pale akiwa nao. Wewe umo chini ya mistari yote miwili. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu hivi: ndiyo, una upungufu wa damu. Ni wa kiwango cha chini, si wa kukutisha, lakini haufai kupuuzwa. Na hauko peke yako, kwa kuwa tafiti za afya za kitaifa zimekuwa zikionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi wa umri wa kuzaa hapa Tanzania wanao.

Yale maji ya bluu ya Mbeya ni myeyusho wa salfeti ya shaba, mbinu iliyoenea tangu miaka ya 1940. Hutengenezwa yakawa mazito kidogo kuliko maji ya kawaida, kwa uwiano wa 1.053, na uzito huo ndio unaolingana na damu yenye hemoglobini ya 12.5. Tone zito kuliko hapo huzama ndani ya sekunde 15, na jepesi huelea au huning'inia katikati. Ni mbinu ya gharama ndogo na ya haraka, lakini haitoi namba. Inasema "ndiyo" au "hapana" tu, na anayezama kwa 12.6 hawezi kutofautishwa na anayezama kwa 15. Kwa hiyo hakuna anayejua zamani ulikuwa na kiasi gani, na inawezekana kabisa kwamba umekuwa ukipita karibu na mstari miaka yote hiyo. Zaidi ya hapo, maji hayo yakitumika kwa matone mengi bila kubadilishwa, au yakivukizwa na joto, jibu hupotoka.

Kimashine nacho, ambacho hupitisha mwanga katika tone la damu na kusoma hemoglobini iliyomo, ni sahihi zaidi lakini kinategemea mkono wa anayekitumia. Kidole kikiminywa sana, majimaji ya tishu huchanganyika na damu na namba hushuka; ndiyo maana tone la kwanza hufutwa na lile linalofuata huachwa litoke lenyewe. Upungufu wa maji mwilini huipandisha namba. Kulala chali huishusha, na asubuhi mara nyingi huwa juu kidogo kuliko jioni. Tofauti ya nusu gramu kati ya tone moja la kidole na jingine si jambo la ajabu. Tena usisahau mlima: mji wa Mbeya uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na mwili hujiongezea hemoglobini ili kufidia. Mtu yule yule akishuka kuishi Temeke, kando ya bahari, ziada hiyo humtoka polepole, kiasi cha nusu gramu hivi. Kwa hiyo vipimo vyote viwili vinaweza kuwa vya kweli, kila kimoja kwa mahali pake na wakati wake. Hata hivyo, kosa la kidole na mlima kwa pamoja haviyaelezi mambo mengine uliyoniandikia, na hayo ndiyo yaliyonishtua kuliko 11.6.

Umeandika kwa kupitia tu kwamba unatafuna mchele mbichi. Mwalimu, hamu ya kula mchele mbichi, barafu, au udongo ule unaouzwa sokoni ambao wajawazito wengi huununua, ni mojawapo ya dalili zinazojulikana sana za upungufu wa madini ya chuma. Haimpati kila mwenye upungufu, na wala si kila mwenye hamu hiyo ana upungufu, lakini ikikaa pamoja na uchovu na namba ya 11.6 sina sababu ya kuitazama kama tabia tu. Kisha ukataja kitanzi. Kitanzi cha shaba, kisicho na homoni, ni njia nzuri ya uzazi wa mpango, lakini hufahamika kwa kuongeza wingi wa damu ya hedhi na idadi ya siku zake. Ulisema hedhi imerudi "vizuri". Siku saba au nane si vizuri kwa mtu ambaye wingi wake wa damu umeshuka. Nitapenda ujiulize kama unabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, kama unaamka usiku kubadilisha, na kama unatoka mabonge ya damu.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu hii ndiyo inayoeleza pia habari ya mume wako. Mililita moja ya damu ina karibu nusu miligramu ya chuma. Mchango mmoja huondoka na miligramu 200 hadi 250. Hedhi ya kawaida ni mililita 30 hadi 40 kwa mwezi. Ile inayohesabiwa kuwa nzito huzidi mililita 80, yaani miligramu 40 za chuma kila mwezi. Mwili hauwezi kufyonza zaidi ya miligramu moja au mbili hivi kwa siku kutoka katika chakula cha kawaida, na takriban miligramu moja hupotea kila siku hata kwa mtu asiyetoka damu. Ongeza mimba mbili, ambazo kila moja huhitaji karibu miligramu 1,000. Mwanamume mzima anaweza kuwa na akiba ya hadi miligramu 1,000 ya chuma mwilini. Mwanamke wa umri wako mara nyingi ana kama 300, na wengine hawana kabisa. Mume wako anatumia akiba ambayo haitokwi kila mwezi. Chipsi hazijamsaidia kitu. Ni maumbile tu, na usimruhusu akutanie kwa hilo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2012, linashauri mwanamume akae wiki 12 kati ya mchango na mchango, na mwanamke akae wiki 16.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mpango wa mama mkwe, kwa heshima zote. Akiba ya chuma huisha kwanza, kimyakimya, na hemoglobini hushuka mwishoni. Ukiona hemoglobini imeshuka, ghala limekwisha kuwa tupu kwa muda. Kumwaga kikapu kimoja ghalani kabla ya tarehe 14 Juni, ili kidole kisome 12.5 na wenzako waone, kisha siku hiyo hiyo kuchukuliwa miligramu 250, ni kujirudisha nyuma zaidi ya ulipoanzia. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wachangiaji 215 waliotoa chupa moja ya damu. Wale waliokuwa na akiba ndogo na wasipewe vidonge vya chuma, nusu yao walihitaji siku 158 au zaidi kurejesha asilimia 80 tu ya hemoglobini waliyoipoteza, wakati wenzao waliopewa kiasi kidogo cha chuma kila siku walihitaji kama siku 32. Siku 158 ni zaidi ya miezi mitano. Kungoja peke yake, hata kwa muda ulioruhusiwa, hakujazi ghala la mtu ambaye mapato na matumizi yake yanalingana.

Rosela ni kinywaji kizuri na sina ugomvi nacho, wala na kiazi chekundu. Lakini rangi nyekundu si chuma, na kiasi cha chuma kilichomo humo hakitoshi kuinua namba yako kwa wiki mbili, kwa sababu uboho wa mifupa unahitaji muda kutengeneza chembe mpya. Mboga zako za majani zina chuma, ila ni cha aina ambayo mwili hufyonza kidogo, na chai ya rangi inayonywewa pamoja na chakula hukizuia zaidi. Usiache chai; isogeze tu, angalau saa moja kabla au baada ya kula. Mchicha, matembele na maharage uvile pamoja na ndimu, chungwa au pilipili hoho, kwa kuwa vitamini C husaidia ufyonzaji. Maini, nyama nyekundu na dagaa vina chuma kinachofyonzwa kwa urahisi, na dagaa hawahitaji mshahara mkubwa. (Ukiwa na uwezekano wa kuwa mjamzito, maini yasizidi, kwa sababu ya wingi wa vitamini A.)

Chakula, hata hivyo, kitakulinda baadaye zaidi ya kukutibu sasa. Ninachokushauri ni kwenda katika kituo cha afya au hospitali ya wilaya wiki hii na kuomba kipimo kamili cha damu, safari hii kwa damu ya mshipa wa mkono na si ya kidole. Omba pia feritini, kipimo kinachoonyesha akiba ya chuma. Hakipatikani kila mahali na huwa na gharama, lakini ukiweza kukipata ndicho chenye jibu la kweli. Wakupime choo kwa ajili ya minyoo ya safura, na kichocho kama umewahi kuoga au kulima katika maji yaliyotuama, wakupime malaria, na kama hujawahi kupimwa, waulize kuhusu selimundu, kwa kuwa vidonge vya chuma havitolewi kwa kila anayeonekana na damu pungufu. Mweleze tabibu habari za mchele, hedhi na kitanzi bila kuficha, na umweleze pia kama una maumivu ya tumbo au choo cheusi, maana vidonda vya tumbo huvuja damu bila kelele.

Ikithibitika kwamba ni chuma, yaelekea utapewa vidonge vya chuma na asidi ya foliki, vile vile vya FEFO ulivyomeza kliniki ulipokuwa mjamzito. Vitafanya choo kiwe cheusi na huenda vikakufunga. Hilo lisikutishe wala lisikufanye uviache. Hemoglobini kwa kawaida hupanda gramu moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo utajisikia nafuu mapema, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuacha dawa. Endelea kwa miezi mitatu hivi baada ya namba kuwa nzuri, kwa maelekezo ya aliyekuandikia, ili akiba nayo ijae. Vifungie mbali na watoto wako wawili, kwa sababu vidonge vichache tu vya chuma vinaweza kumdhuru vibaya mtoto mdogo.

Kuhusu kitanzi, usikimbilie kukitoa, na kamwe usijaribu mwenyewe. Rudi kliniki ya uzazi wa mpango uwaeleze idadi ya siku na wingi wa damu. Wanaweza kukupa dawa ya kupunguza hedhi, au mkajadiliana kuhusu njia nyingine ambazo kwa wanawake wengi hupunguza damu badala ya kuiongeza. Wataangalia pia kama kuna uvimbe kwenye kizazi, ambao kitanzi kinaweza kusingiziwa makosa yake.

Tarehe 14 Juni nenda, ukiwa umevaa fulana yao kama unayo, ukaandikishe wanafunzi na kusimamia foleni. Kitanda cha kuchangia kiache hadi hemoglobini ipite 12.5 kwa nafasi, hedhi iwe imedhibitiwa na dozi imekwisha, jambo ambalo kwa makadirio yangu litachukua si chini ya miezi sita. Baada ya hapo usichangie zaidi ya mara mbili kwa mwaka, hata kama kanuni itakuruhusu mara tatu. Ukipata majibu ya feritini, niandikie namba pamoja na kipimo chake kama kilivyochapwa kwenye karatasi, na uniambie kama siku hiyo ulikuwa na homa au mafua, kwa sababu homa huipandisha feritini na kuficha upungufu.